Daftari la Ugonjwa na Daftari Letu
(Mazungumzo yaliyotolewa na Kamati ya Afya katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi)

   

Sisi wa Kamati ya Afya tumepewa dakika ishirini, na Mama Mwenyekiti ametuonya kwamba pilau halisubiri mtu. (Vicheko.) Basi tutakwenda moja kwa moja kwenye mada. Mweka Hazina amekwisha wasomea hisa, mikopo na marejesho ya miaka kumi, na mmepiga makofi. Sisi tutazungumza juu ya daftari jingine, ambalo wengi wetu hatukujua kama lipo. Ni daftari la saratani ya matiti. Tunataka kueleza jinsi wataalamu wanavyojua mwenendo wa ugonjwa huu: nani ana matumaini makubwa, nani anahitaji dawa kali, nani hazihitaji. Na mwishoni tutakuwa na ombi.

Tunaanza na jambo linalotuuma. Mwaka wa tatu wa kikundi hiki tulimzika mwenzetu. Hatutamtaja, familia yake ipo hapa nasi na imeturidhia tuzungumze. Alikaa na uvimbe miezi minane bila kumwambia mtu. Alipokwenda, katika hospitali moja alikatwa kinyama, akapewa karatasi ndani ya bahasha, akaambiwa arudi. Hakuna aliyemsomea karatasi ile. Ilikuwa imeandikwa daraja, imeandikwa tezi za kwapani, na chini yake pana mstari unaosema vipokezi vya homoni havikupimwa. Kipimo kile kilikuwa cha kulipia, naye hakuwa nacho. Sisi wenzake hatukujua hata kuuliza. Tulisema ni kudra, tukamwombea.

Siku aliyofariki, fedha za sanda, za gari na za chakula zilitoka sandukuni siku hiyo hiyo kabla ya adhuhuri. Katiba yetu ilikuwa na kifungu cha msiba. Haikuwa na kifungu cha kipimo. Jamani, neno hilo tumelibeba miaka saba.

Sasa tujiulize: daktari anaposema ugonjwa huu una mwenendo mzuri au mbaya, anapiga ramli? Hapana. Anafanya kile kile tunachofanya sisi mtu akija kuomba mkopo. Hatumsomi kiganja. Tunafungua daftari. Ameleta hisa mara ngapi? Mkopo uliopita aliurudisha lini? Wenzake waliokopa kwa biashara kama yake walifika wapi? Tukiona kwamba kati ya kumi wa namna yake tisa walirudisha, tunampa. Atakuwa yule wa kumi? Hatujui. Daftari linasema habari za wengi, halimsemei mtu mmoja mmoja. Na kwa saratani ni hivyo hivyo. Tafadhali lishikeni hilo, maana ndilo linalowatisha watu bure. Mtu akiambiwa kati ya wanawake mia wenye hali yake themanini wako hai baada ya miaka kadhaa, hajaambiwa yeye ataishi au atakufa. Amesomewa daftari.

Daftari hili lilianzwa na nani? Miongoni mwa walioliandika mapema ni mwanamke mwenzetu, daktari Janet Lane-Claypon wa Uingereza. Mwaka 1926 alitoa ripoti ambamo alikuwa amewauliza maswali wanawake 500 wenye saratani ya matiti, na wengine 500 wasio nayo, akalinganisha. Aliuliza umri wa kuolewa, idadi ya watoto, kunyonyesha. Kulinganisha wagonjwa na wasio wagonjwa kwa utaratibu namna ile kulikuwa jambo jipya, na leo watafiti wa dunia nzima hufuata njia hiyo. Miaka miwili baadaye, mwaka 1928, alitoa ripoti nyingine juu ya wanawake waliopasuliwa, akifuatilia waliishi muda gani. Ikaonekana wazi kwamba waliotibiwa uvimbe ukiwa bado mahali pake waliishi zaidi sana kuliko wale ambao ulikuwa umekwisha safiri. Karibu miaka mia imepita. Jibu lile halijabadilika.

Baadaye wataalamu wakaanza kutazama seli zenyewe kwa hadubini. Mwaka 1957 Bloom na Richardson waliweka utaratibu wa kuzipa seli alama, na mwaka 1991 Elston na Ellis wa mji wa Nottingham wakauboresha. Mtaalamu anatazama mambo matatu. Kwanza, seli bado zinajipanga kama titi la kawaida au zimevurugika? Pili, viini vya seli vinafanana au kila kimoja kina umbo lake? Tatu, seli ngapi zinaonekana zikigawanyika? Kila jambo linapewa alama 1 hadi 3, kisha zinajumlishwa. Zikiwa 3 hadi 5, hilo ni daraja la 1, seli za pole. Zikiwa 6 au 7 ni daraja la 2. Zikiwa 8 au 9 ni daraja la 3, seli za haraka. Kwa hiyo neno "daraja" kwenye karatasi si hatua ya ugonjwa. Hatua ni ugonjwa umefika wapi mwilini. Daraja ni tabia ya seli. Wengi tunachanganya, na hata sisi Kamati tulichanganya mpaka tulipofundishwa.

Huko huko Nottingham, mwaka 1982, watafiti walichukua rekodi za wanawake 387 waliopasuliwa wakatafuta hesabu fupi ya kuonyesha mwenendo. Hesabu yenyewe mtoto wa darasa la sita anaiweza. Chukua ukubwa wa uvimbe kwa sentimita, zidisha kwa 0.2. Jumlisha daraja, yaani 1, 2 au 3. Kisha jumlisha alama ya tezi za kwapani: 1 kama hakuna tezi iliyoingiwa, 2 kama zimeingiwa tezi moja hadi tatu, na 3 kama ni nne au zaidi. Jumla ikiwa 3.4 au chini, mwenendo ni mzuri. Kutoka hapo mpaka 5.4 ni wa kati. Ikizidi hapo ni mgumu.

Tufanye hesabu pamoja, maana hapa pana wahasibu wengi. (Vicheko.) Mama ana uvimbe wa sentimita moja, kama punje ya hindi. Daraja la 2. Tezi hazijaguswa. Moja mara 0.2 ni 0.2. Ongeza 2, ongeza 1. Jumla 3.2. Yuko kundi zuri. Sasa tuseme mama huyo huyo amenyamaza, uvimbe ukakua ukawa sentimita nne, kama ndimu, na tezi mbili za kwapani zikaingiwa. Nne mara 0.2 ni 0.8. Ongeza daraja lile lile 2, ongeza 2 za tezi. Jumla 4.8. Amehamia kundi la kati. Tazameni vizuri: tabia ya seli haikubadilika. Sentimita tatu zenyewe zimeongeza 0.6 tu. Kilichomhamisha zaidi ni zile tezi, na tezi ziliingiwa wakati amenyamaza.

Je, kuhama kundi kuna uzito gani? Mwaka 1992 watafiti wale walitoa hesabu ya wanawake zaidi ya 1,600. Baada ya miaka 15, katika kundi zuri walikuwa hai 80 kati ya 100. Kundi la kati, 42. Kundi gumu, 13. Lakini msitoke hapa na namba hizo kama vile zimechongwa kwenye jiwe. Waliotibiwa katika miaka ya 1990 walifanya vizuri zaidi katika makundi yote, kwa sababu matibabu yaliboreka. Hayo ni matokeo ya kule, kwa matibabu ya kule. Tena wapo ambao uvimbe wao ni wa haraka tangu mwanzo, hata wakiwahi. Hao tusije tukawalaumu. Mgonjwa hahitaji lawama zetu, anahitaji mtu wa kumsindikiza.

Sasa tuje kwenye kile kipimo ambacho dada yetu alikikosa. Mwaka 1896, daktari George Beatson wa Glasgow aliandika kwamba baadhi ya wanawake wenye saratani ya matiti walipata nafuu alipowaondoa mifuko ya mayai. Haikujulikana sababu yake. Jibu lilikuja baada ya miaka zaidi ya sitini, kwa kazi ya Elwood Jensen na wenzake huko Chicago. Waligundua kwamba baadhi ya seli zina vipokezi vya homoni ya estrojeni. Chukulieni kipokezi kama tundu la kufuli, na homoni kama ufunguo. Seli yenye tundu hilo inafunguliwa na homoni ikue. Dawa ya tamoksifeni inaingia katika tundu lile na kuliziba. Ufunguo ukija, haupati nafasi.

Ndiyo maana kipimo kina thamani. Mwaka 2011 watafiti walikusanya majaribio 20 yenye wanawake zaidi ya 20,000. Ilionekana kwamba kwa wale wenye vipokezi, kumeza tamoksifeni kwa miaka kama mitano kulipunguza vifo vya saratani ya matiti kwa karibu theluthi moja, katika muda wa miaka 15. Kwa wasio na vipokezi, haikusaidia kitu. Dawa yenyewe ni kidonge cha siku zote, kimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, wala si miongoni mwa dawa za bei ya kutisha. Bila kipimo daktari anabahatisha. Kuna na kipimo cha pili kinachoitwa HER2. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake walionyesha kwamba wenye HER2 nyingi ugonjwa wao ulikuwa mkali zaidi. Leo ipo dawa yake, trastuzumabu, ingawa hiyo ni ghali na kuipata ni kazi.

Hapa tuseme jambo la nyumbani ambalo halipo katika hesabu za wakubwa. Kinyama kikikatwa kinatakiwa kiingie katika fomalini ya kutosha, na upesi, ndani ya saa moja, kisha kikae humo saa 6 mpaka 72. Kikichelewa, vipokezi vinaharibika, na majibu yanaweza kusema havipo kumbe vilikuwepo. Sasa sisi akina mama wa huku ndio tunaobeba chupa ile kwenye basi, tumeifunga kwenye kanga, kuipeleka mjini. Basi mwenzetu akikatwa kinyama, aliyemsindikiza aulize kwa adabu: "Daktari, ni fomalini hii? Ifike maabara lini?" Kuuliza si utovu wa heshima.

Pengine mmechoka na hadubini. Tuwapeleke angani kidogo, kisha tutarudi. Mtu akihesabu seli zenye rangi kwa jicho, moja moja, kwa maelfu ya wagonjwa, anachoka, na wawili wanaweza kutofautiana. Huko Cambridge, Uingereza, wapo wanafalaki, watu wanaotafuta ulimwengu ulianzaje na umepanuka vipi. Kazi yao ni kupiga picha za anga na kuhesabu nyota na makundi ya nyota kwa kompyuta. Picha zao zina matatizo matatu: nyota nyingine ni hafifu, nyingine zimesongamana, na mwanga wa nyuma haulingani. Wakakutana na watafiti wa saratani, wakagundua kwamba picha ya seli ina matatizo yale yale matatu. Wakachukua programu yao ya nyota wakaitumia kwenye picha za uvimbe wa wanawake zaidi ya 2,000. Mwaka 2013 walitoa matokeo: kompyuta ilikubaliana vizuri na macho ya wataalamu katika kupima vipokezi na HER2, tena kwa haraka zaidi. Mtu anaweza kusema, kutafuta mwanzo wa ulimwengu kunanisaidia nini mimi mwuza mihogo? Basi ndiyo hivyo. Elimu ni kama upatu: anayechanga leo hajui fedha yake itamfaa nani mwezi ujao.

Viko na vipimo vya gharama kubwa zaidi, vinavyosoma chembe za urithi ndani ya uvimbe. Cha Amsterdam kilichotangazwa mwaka 2002 kinasoma chembe 70, na kingine cha Marekani kinasoma 21. Kwa hicho cha 21, utafiti wa wanawake zaidi ya 10,000 uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wengi wenye vipokezi, ambao tezi zao ni salama na alama zao ni za kati, hawakupata faida ya nyongeza kwa dawa zile kali zinazonyoa nywele. Ni habari njema, lakini bei yake ni maelfu ya dola. Hatuwezi kudanganyana hapa. Ila tusikae tukililia kisicho mikononi mwetu. Ukubwa, daraja, tezi na vipokezi vinatupa sehemu kubwa ya habari, na hivyo vinafikika.

Na Afrika je? Daftari lipo. Kati ya mwaka 2014 na 2017, watafiti waliandikisha wanawake zaidi ya 2,000 wenye saratani ya matiti katika nchi tano: Uganda, Zambia, Namibia, Nigeria na Afrika Kusini. Waliwafuata kwa simu ya mkononi kila miezi mitatu kujua hali zao. Majibu yalitolewa mwaka 2020. Baada ya miaka mitatu, nusu tu walikuwa hai. Nusu, wenzetu. Lakini watafiti wakapiga hesabu nyingine: zaidi ya robo ya vifo vile, na pengine theluthi au kupita hapo, vingeweza kuzuilika kama wanawake wangewahi kujulikana na kupata matibabu yaliyokamilika. Hapa kwetu Tanzania pia, wengi wanaofika katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, hufika ugonjwa ukiwa hatua ya 3 au ya 4. Daftari letu la Afrika linasomeka vibaya, na mistari yake mingi imeandikwa kwa ukimya, nauli na aibu.

Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango mwaka 2021 wenye namba tatu rahisi kukumbuka: sitini, sitini, themanini. Wagonjwa zaidi ya 60 kwa 100 wajulikane wakiwa hatua ya 1 au ya 2. Majibu yapatikane ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike hospitali mara ya kwanza. Na 80 kwa 100 wamalize matibabu yao. Tumeziandika kwenye kitambaa pale ukutani.

Tunamalizia na mwenzetu wa pili, ambaye ametupa ruhusa kwa kinywa chake. Mwaka wa sita alihisi kitu kama punje wakati wa kuoga. Alimwambia mama mkwe wake, mama mkwe akatuambia sisi, na wiki ile ile alikuwa hospitali. Kinyama kilikatwa. Fedha ya kipimo cha vipokezi haikuwepo. Katiba ikatufunga mikono, maana kifungu bado hakikuwepo. Tukapitisha kanga baada ya mkutano, kila mtu akatia alichonacho, na wengine walitia fedha ya chumvi. Majibu yakaja: vipokezi vipo. Leo ni mwaka wa nne anameza kidonge kila jioni, na mumewe ndiye anayemkumbusha. Yeye ndiye aliyepika pilau linalotusubiri. (Makofi na vigelegele.)

Hatusemi kwamba kanga ile imemponya. Anaendelea na kliniki, na siku zake ziko mikononi mwa Mungu kama zetu. Tunasema kwamba daktari wake hakubahatisha.

Basi wanachama, mwenzetu akipewa bahasha, maswali ni haya matano, yamechapwa nyuma ya vijitabu vyenu vya hisa. Uvimbe ni sentimita ngapi? Ni daraja la ngapi? Tezi ngapi zimepimwa na ngapi zimeingiwa? Vipokezi vya homoni vipo au havipo? Na HER2 je? Penye neno "havikupimwa", msikunje karatasi. Ulizeni kama kipande kilichohifadhiwa kwenye nta bado kipo maabara, kwa kuwa kinaweza kupimwa hata baadaye.

Na ombi letu kwa mkutano mkuu ni hili. Katika Mfuko wa Kusaidiana, baada ya kifungu cha msiba, kiongezwe kifungu kingine: kwamba mwanachama akiambiwa akatwe kinyama cha titi, fedha ya kukikata, ya kupima vipokezi na ya nauli itoke sandukuni siku hiyo hiyo, bila riba, kama inavyotoka fedha ya sanda. Tumekaa na Mweka Hazina, tumepiga hesabu, mfuko unaweza. Tumezoea kuharakia maziko. Tunaomba katiba itufundishe kuharakia uhai.

 Anayeunga mkono kifungu hicho anyooshe mkono baada ya chakula, wakati wa agenda ya katiba. Na asiyeunga mkono aje tuzungumze naye pale penye chai.

Kidumu kikundi chetu.